Msitu wa bundi ulikuwa unaungua mara kwa mara, na ndo maana ulidumu

Watu wengi wakisikia msitu umelindwa kwa ajili ya ndege fulani, wanapata picha ya msitu ambao haujaguswa tangu enzi za mababu, giza tupu na miti imebanana. Nataka tuanzie hapo, maana sisi tunaosoma makovu ya moto kwenye miti tunaona kitu kingine kabisa.

Ndege mwenyewe ni bundi madoa wa Meksiko, yupo kwenye milima na makorongo ya Arizona, New Mexico na majimbo ya jirani, hadi Meksiko kwenyewe. Ana macho meusi wakati bundi wengi macho yao ni ya njano, chakula chake kikubwa ni panya, halafu hajengi kiota, yeye anatafuta tundu kwenye mti mzee au kiota kilichoachwa na ndege mwingine, au yale matawi yaliyosongamana kama ufagio kwa sababu ya mmea nyonyaji. Joto linamsumbua kwa hiyo anapenda kivuli kizito. Mwaka 1993 serikali ya Marekani ilimuweka chini ya ulinzi wa sheria, na baadae ukaja utaratibu kwamba mahali wanapokaa bundi panachorewa eneo la ekari 600 angalau, na pale karibu na kiota ekari kama 100 za kuwa mwangalifu zaidi. Kipindi kile hofu kubwa ilikuwa wakata mbao, na ilikuwa hofu ya haki kabisa.

Sasa turudi kwenye makovu. Moto mdogo wa nyasi na majani makavu ukipita chini ya msonobari mkubwa unaunguza gome upande mmoja tu, mti haufi, unaanza kulifunika jeraha kwa mbao mpya kutoka pembeni, halafu miaka kadhaa baadae moto unapita tena unaunguza palepale, na tena, na tena, mpaka chini ya shina panakuwa kama kijipango chenye mikunjo. Tunakata kipande kwa chenso, mara nyingi kwenye visiki na magogo yaliyokwisha kufa, tunapiga msasa hadi kinang'aa, kisha ni darubini na kuhesabu pete. Kuhesabu peke yake hakutoshi, lazima ulinganishe na mpangilio wa miaka ya ukame ambayo pete zake zinakuwa nyembamba kwenye miti ya eneo zima. Njia hii ilikomalia hukohuko Arizona, maabara ya pete za miti ya Tucson ipo tangu 1937. Ukifanya vizuri unapata mwaka kamili wa moto, na mara nyingi hata msimu, maana ndani ya pete moja kuna mbao nyeupe za mwanzo wa msimu na nyeusi za mwisho.

Na pete zinachosema ni hivi: kwenye misitu ya misonobari ya ponderosa moto ulikuwa unapita kila baada ya miaka michache, kwenye ile misitu mchanganyiko iliyo juu zaidi, na bundi wengi wanakaa huko, ulichelewa kidogo lakini sehemu kavu bado haikuwa inavuka miaka 20 kwa wastani. Radi za mwezi wa sita kabla ya mvua ndo ziliwasha mingi, na wenyeji kama Waapache nao waliutumia moto. Halafu ukifika miaka ya 1880 makovu yanakatika ghafla. Reli imefika, kondoo na ng'ombe wamekuja kwa maelfu wakamaliza nyasi, na nyasi ndo zilizokuwa zinaubeba moto. Baadae serikali yenyewe ikaingia kuzima kila kitu, mwaka 1935 ikatoka amri kwamba moto wowote uwe umedhibitiwa kufika saa nne asubuhi ya siku inayofuata.

Kwa hiyo wakati zile ekari 600 zinachorwa, msitu uliokuwa ndani ya mstari ulishakaa miaka 100 na zaidi bila moto wake. Miche ambayo zamani ingeungua ikiwa midogo ilikua yote, hasa jamii ya ile miti wanayopamba Krismasi, inayovumilia kivuli, na matawi yake yanaanzia karibu na ardhi kabisa yakagusa matawi ya mti mkubwa. Hiyo ni ngazi. Moto ukiingia leo haupiti chini, unapanda hadi kileleni na kuua mpaka mzee wa miaka 300 ambaye gome lake lilishahimili mioto 15.

Moto uliopewa jina la Wallow mwaka 2011 kule Arizona ulichoma zaidi ya ekari laki tano, na ule wa Whitewater-Baldy mwaka 2012 karibu laki tatu New Mexico, na ndani yake kulikuwa na maeneo mengi ya bundi. Mpango wa kumuokoa bundi uliporekebishwa 2012 ulisema wazi kwamba, kwa upande wa Marekani, tishio kuu sasa limehama kutoka kwenye ukataji mbao kwenda kwenye moto mkubwa. Inaniuma kila nikiwaza mti wa kiota umeungua ndani ya eneo lililolindwa vizuri kwenye karatasi.

Sasa wapo wanaosema acheni tu, bundi anataka msitu mzito. Nawaelewa, na wana hoja, anataka kivuli kweli na tukipunguza miti hovyo tutamfukuza sisi wenyewe. Lakini kivuli cha miti mikubwa michache ni tofauti na kivuli cha fito elfu zilizobanana, na makorongo yenye ubaridi yalikuwa yanaungua kwa nadra zaidi kuliko miteremko mikavu, kwa hiyo huwezi kupeleka dawa moja kila mahali. Pa kuanzia kwa maoni yangu ni miteremko inayozunguka eneo la bundi, ili moto mkubwa ufike pale ukiwa umeishiwa nguvu, halafu ndani ya eneo kuondoa vimiti vya ngazi na kurudisha moto mdogo.

Na moto wa makusudi una hatari zake. Mwaka 2022 New Mexico mioto miwili iliyotokana na kazi ya kuchoma ya Idara ya Misitu iliungana ikala zaidi ya ekari 341,000 na nyumba za watu kwa mamia, mmojawapo ulitoka kwenye marundo ya matawi yaliyochomwa Januari, ukajificha chini ya theluji hadi Aprili. Ndo maana rundo likishachomwa mtu anatakiwa arudi kulikagua, apekue majivu mpaka ndani, hata kama limepigwa na theluji. Kwenye maeneo ya bundi kazi yenyewe inapangwa zaidi kwa vuli, kwa sababu kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti ni msimu wa kuatamia na kulea makinda, na kipindi hicho kelele za chenso karibu na kiota haziruhusiwi.