Wanafunzi wapya Mwanza: akaunti ya benki sio ya kuazimana

Karibuni Mwanza, hasa nyie wa Malimbe na Bugando ambao kila chuo kikifungua mnajaa tawini mkikimbizana na bumu, ile hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo. Mimi niko dawati la kufungua akaunti, tawi moja hapa mjini, na msimu huu tumeambiwa tuelimishe watu mapema maana malalamiko yamezidi.

Kufungua kwenyewe wala sio kazi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kidole chako basi, hata wakala pale Nyegezi anakufungulia umesimama hivohivo na begi mgongoni. Ila akaunti ya haraka namna hiyo kwa kawaida ina kikomo cha hela, kwahiyo ada ikigoma kuingia usianze kutukana mtandaoni, njoo tawini na barua ya chuo au ya serikali ya mtaa tuikamilishe. Mnaotoka Burundi, Rwanda au Kenya mje na pasi ya kusafiria na kibali cha kuishi nchini kama mwanafunzi.

Shida kubwa ni majina. Huku Usukumani mtu cheti cha form four kinasema Ng'wandu, NIDA wameandika Mwandu, na Bodi ya Mikopo wanalo lile la cheti. Juzi kaja kijana ametoka Ukerewe na meli ya asubuhi, kidole kimekubali mara ya kwanza, jina la akaunti likatokea kwenye skrini sio lile aliloombea mkopo, akaniambia "dada si ubadilishe tu hapo, ni herufi mbili". Sibadilishi mdogo wangu, siwezi, mfumo unavuta jina NIDA moja kwa moja na mimi nalisoma tu kama wewe unavyolisoma. Unaenda kwa wakili anakuandalia hati ya kubadili jina, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, unaipeleka NIDA, wakisharekebisha ndo unarudi kwangu. Ukiruka hatua moja unaanza upya, na bumu linakusubiri au halikusubiri.

La pili, na hili naomba mnisikilize vizuri. Unakutana na mtu Mwaloni, kule soko la samaki, au hata bwenini, anakwambia kuna hela ya dagaa inaingia, kadi yake imemezwa na mashine, apitishie kwako akuachie elfu ishirini ya soda. Ile hela unakuta imeibiwa kwa mtu kwa njia ya simu. Jina lililopokea ni lako, picha ni yako, kidole ni chako, yule wa dagaa hayupo popote kwenye makaratasi. Sheria ya Kuzuia Utakasishaji Fedha Haramu ya mwaka 2006 inatutaka muamala wa mashaka tuuripoti Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, na sheria hiyohiyo inatukataza kukwambia kwamba tumekuripoti, ndo maana ukimuuliza teller anakujibu "subiri" huku anaangalia pembeni, sio kiburi. Akaunti ikifungwa kwa amri ya polisi au mahakama meneja wa tawi hana ufunguo wake, na bumu likiingia humo nalo linakaa humohumo mpaka kesi ieleweke. "Sikujua" tunaisikia kila wiki.

Halafu hii ya "benki imekula hela yangu". Jamani. Ukitoa elfu tano tano mara sita kwa wakala umekatwa mara sita, omba taarifa ya akaunti usome mstari kwa mstari kabla hujaja kugonga meza. Na risiti ya wakala uichukue, usiiache kaunta, bila ile kufuatilia muamala uliokwama inakuwa mateso kwako na kwangu.

Wanaoogopa benki kufilisika, kuna Bodi ya Bima ya Amana, inalipa hadi shilingi 7,500,000 kwa mteja kwa kila benki, na wengi wenu hamjafika huko. Namba ya siri hatuiulizi kwa simu, anayeiuliza ni mwizi, namba yake itume kwa meseji 15040, ndo ya kuripoti matapeli wa simu.

Na tafadhali msije wote Jumatatu asubuhi. Jumatano mchana tunakuwa tumekaa tu.