Tou si toyongi

Tou ni kijisanamu cha udongo kinachofinyangwa kwa vidole. Kwa Kikorea, "to" ni udongo na "u" ni sanamu. Anayetaja tou za jadi huwa anakusudia hasa zile za ufalme wa Silla, za karne ya 5 na ya 6, zilizochimbuliwa Gyeongju, mji uliokuwa makao makuu ya ufalme huo kusini-mashariki mwa rasi ya Korea.

Hayo hayana ubishi. Kinachoniudhi ni maelezo yanayonakiliwa huku na huko kwamba tou zilifinyangwa ili zizikwe na mfalme badala ya watu hai. Hapo tou imebebeshwa habari za toyongi, aina nyingine ya sanamu ya kaburini.

Ni kweli Silla walizika watu kama kafara. Kumbukumbu zao zinasema mfalme akifa, wanaume watano na wanawake watano walizikwa naye, mpaka Mfalme Jijeung alipopiga marufuku desturi hiyo mwaka 502. Toyongi ndiyo sanamu ya mtu inayowekwa kaburini imwakilishe mhudumu, afisa au askari wa marehemu. Mfano mzuri ni zile za kaburi la Yonggang-dong, mtaa wa Gyeongju, lililochimbuliwa mwaka 1986: wanaume na wanawake waliovaa mavazi ya mtindo wa enzi ya Tang ya China, wamepakwa rangi, kila mmoja anasimama peke yake. Na hata hizo ni za zaidi ya karne moja baada ya marufuku ya Jijeung, kwa hiyo kusema zilichukua nafasi ya watu moja kwa moja ni kurukia mambo.

Tou ya Silla ilikuwa sehemu ya chombo. Mfinyanzi aliibandika juu ya kifuniko cha bakuli au kwenye bega la mtungi wenye shingo ndefu, udongo ukiwa bado mbichi. Kazi yenyewe ni ya haraka lakini haina huruma. Donge dogo linabinywa, pua inavutwa kwa ncha za vidole, macho na mdomo vinatobolewa au kuchanjwa kwa kijiti. Mwili mzima mara nyingi ni wa sentimita chache tu. Kisha unabandikwa chomboni kwa udongo uliolowanishwa, na hapo unyevu wa vipande viwili lazima ukaribiane: kimoja kikikauka na kusinyaa kabla ya mwenzake, kiungo kinapasuka. Vyote huingia tanurini pamoja, katika joto la zaidi ya nyuzi 1,000 na hewa ikizuiwa kuingia, ndiyo maana vinatoka na rangi ya kijivu na ugumu wa jiwe.

Tazama mtungi uliopatikana mwaka 1973 karibu na kaburi la Mfalme Michu, wenye kimo cha sentimita 34. Begani kuna mwanamke mjamzito anayepiga gayageumu, kinanda cha nyuzi cha Kikorea. Kuna nyoka aliyemng'ata chura mguu wa nyuma, kuna ndege, kuna mwanamume na mwanamke wakijamiiana bila kuficha lolote. Watumishi wa kumfuata mfalme hawaonekani humo. Mimba, muziki na tendo la ndoa vimekaa pamoja juu ya chombo cha kaburini, na kwangu hilo lina uzito kuliko hadithi ya kafara.

Kosa lenyewe linaeleweka. Tou nyingi zilivunjika kutoka kwenye vyombo vyake, hasa zile zilizofukuliwa Hwangnam-dong, mtaa mwingine wa Gyeongju, mwaka 1926 watu walipokuwa wakichota udongo wa ujenzi, na kwa miaka mingi zikapigwa picha moja moja kama sanamu kamili. Mafundi wa leo nao hufinyanga tou zinazojisimamia, na hakuna ubaya. Ila ukikutana na picha ya tou ya kale, chunguza sehemu ya chini kabla ya kuandika chochote. Ukiona kovu la kubanduka, hiyo ilikaa juu ya kifuniko au mtungi. Iite tou, na mhudumu wa marehemu mwachie jina la toyongi.