Gazeti linamfikia Rosa akiwa kashaharibikiwa

Nafundisha fasihi siku hizi ila kabla ya hapo nilikuwa chumba cha habari, na wanafunzi hawachoki kuniuliza kati ya mwandishi wa riwaya na mwandishi wa habari nani anaisaidia jamii zaidi. Mi huwa nawarudisha kwenye riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ile iliyopigwa marufuku mashuleni halafu baadaye ikaja kufundishwa hukohuko.

Angalia mwanzoni tu. Zakaria, mlevi, anakuta barua ya kijana kwa bintiye Rosa, anampiga vibaya sana. Hakuna mimba, hakuna polisi, hakuna kesi. Ungempelekea mhariri angekuuliza habari iko wapi hapo, mzee wa Namagondo huko Ukerewe kamchapa mwanae, so what? Na kwa kazi yake yuko sahihi, maana sisi tulikuwa tunafika mambo yakiwa yameshaharibika: binti kafukuzwa shule, binti kajiua, umri, kijiji, kamanda wa polisi kathibitisha, basi. Kezilahabi anakaa na Rosa miaka yote ya katikati, unamwona anavyotoka kwenye woga wa nyumbani anaingia chuoni hajui kukataa wala kukubali kwa akili yake mwenyewe, ndo unaelewa Zakaria alimpoteza akidhani anamlinda. Hilo halina shahidi wa kumnukuu.

Lakini wanaosema riwaya inatosha sikubaliani nao kabisa. Juni 2017 Rais Magufuli aliposema hadharani mwanafunzi aliyezaa harudi shule, hapo alitakiwa mtu wa kunukuu ile kauli neno kwa neno, awafuate mabinti wenyewe (na majina yao ayafiche), ambane waziri, arudi tena mwezi ujao. Novemba 2021 serikali ikatangaza ruksa kurudi. Kitabu cha Rosa kilishatimiza miaka 50 tangu kitoke, huwezi kuniambia ndo yeye aliyebadili sera.

Wanahabari nawaomba kitu kimoja, mkiandika binti kafukuzwa mtafuteni na baba, kwenye stori zetu anapewa sentensi moja tu, analaani au analia. Na ninyi wa riwaya, binti aliyerudi darasani kaacha kichanga kwa bibi, maziwa yanamlowanisha sare katikati ya kipindi cha hesabu na wavulana wa nyuma wanacheka, huyo hakuna gazeti litakaa naye mwaka mzima. Mwandikeni.