Je, wajua? Jaji anaweza kukupa ushindi na viza bado usiwe nayo

Ndugu akinyimwa viza ya kuja kutembea Uingereza, familia nyingi husema, "Tutakata rufaa." Rufaa hiyo wanayoifikiria haipo tena. Tangu tarehe 25 Juni 2013, wageni wa familia hawana haki kamili ya rufaa. Imebaki ya misingi ya haki za binadamu, na mlango wake ni mwembamba: bibi anayetaka kukaa wiki chache kwa mwanawe mtu mzima hupata taabu kuonyesha kwamba haki yake ya maisha ya kifamilia imevunjwa.

Wengi husaliwa na mapitio ya mahakama, ambayo kwa England na Wales kwa kawaida husikilizwa na Baraza la Juu la masuala ya uhamiaji (Upper Tribunal), ambalo ni chombo cha kimahakama. Hapa ndipo watu hukosea sana, kwa kuyachukulia kama rufaa. Jaji haamui kama mgeni atarudi kwao, wala kama fedha zake zinatosha. Hayo ni ya afisa wa viza. Jaji anaangalia kama afisa ameyaamua kihalali.

Chukua mtihani uliosahihishwa vibaya. Mkaguzi akiletewa malalamiko, hamuulizi mwanafunzi maswali mapya, wala hapokei jibu lililoandikwa nyumbani baada ya kengele. Anatazama karatasi ileile: je, msahihishaji aliruka ukurasa wa tatu? Alitumia majibu ya somo jingine? Akikuta kosa la maana, anaifuta alama na kuirudisha karatasi isahihishwe upya. Alama mpya inaweza kuwa nzuri, au ikawa mbaya kama ile ya kwanza, safari hii kwa sababu zilizo sawa.

Ndivyo ilivyo kwa viza. Barua ya mwajiri uliyoipata baada ya kukataliwa kwa kawaida haitakusaidia, kwa kuwa afisa hakuwa nayo. Lakini ikiwa ulimpelekea na yeye akaandika kwamba hukuthibitisha kazi yako, hapo una hoja. Mwaka 1984 Lord Diplock, jaji wa Uingereza, alizitaja sababu tatu kuu za kuingilia uamuzi wa serikali: kukiuka sheria, kukosa mantiki kabisa, na utaratibu usio wa haki. Ugumu uko kwenye ile ya pili. Uamuzi mkali tu hautoshi.

Shauri lifunguliwe haraka, na lisipite miezi 3 tangu uamuzi. Kwanza huandikwa barua ya madai, ambayo kwa kawaida serikali hupewa siku 14 kuijibu. Wakati mwingine mambo huishia hapo, ikikubali kuliangalia ombi upya. Isipokubali, unaiomba mahakama kibali cha kuendelea, na ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili.

Kwa hiyo, kama kilichopungua ni nyaraka, kuomba viza upya huwa nafuu zaidi. Ila kama afisa ameandika kwamba mwombaji alidanganya, sina shaka kwamba hapo mapitio yanastahili kufikiriwa kwa uzito, tena mapema: tuhuma hiyo inaweza kumfungia mtu mlango wa viza kwa miaka 10, na ombi jipya litakuta bado imo kwenye kumbukumbu.