Hofu ya mbwa hailishwi ikakua

Tanga hii, ukitaja kumtuliza mbwa mkali kwa chakula, jibu huja kabla hujamaliza kueleza: "Unamhonga huyo. Kesho atabweka ili apewe nyama." Nimelisikia Chumbageni, nimelisikia kwenye mageti ya Raskazone, tena kwa watu wanaowapenda mbwa wao kwa dhati.

Mafunzo ya tuzo ni kumfundisha mnyama kwa kumpa anachokipenda mara tu afanyapo jambo unalolitaka, ili alirudie. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alilionyesha mwaka 1898 kwa paka aliowafungia kwenye vizimba: kitendo kilichomfungulia paka mlango akapata chakula kilizidi kurudiwa, vingine vikaachwa. Panya wa APOPO, shirika la pale Morogoro linalofundisha panya kunusa mabomu, hufundishwa kwa njia hiyo hiyo. Akinusa baruti ya bomu la kutegwa ardhini, anasikia mlio, anapewa chakula. Hapo hakuna mwenye ubishi.

Ubishi unaanza kwa mbwa mwenye hofu, na wengi wa wanaoitwa wakali ni hao. Mbwa aliyekwisha kupigwa mawe mtaani akiona mkono unainuka, anaona jiwe. Anabweka na kurukia geti ili mkono ule uende zake. Sasa watu wanachukua kanuni ya Thorndike na kuibandika hapa: amebweka, amepewa, basi atabweka zaidi. Wanasahau kwamba hofu si kitendo. Moyo kwenda mbio, misuli kukakamaa, hamu ya kula kukatika, hakuna anayeyachagua hayo, mtu wala mbwa. Mtoto akishtuliwa na radi ukampa tende, radi ya pili haogopi zaidi ili apate tende nyingine.

Kinachofanya kazi hapa ni kile alichokichunguza mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov kwa mbwa: jambo likitangulia chakula mara nyingi, mwili huanza kulipokea jambo lenyewe kama habari ya chakula. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyotumia njia hii kwa mtoto mdogo, Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Mtoto alikuwa akipewa chakula anachokipenda huku sungura akisogezwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka mwisho akamshika mwenyewe. Hakuna aliyesema Peter amehongwa.

Kwa hiyo muhimu ni mpangilio na umbali. Chukua mbwa anayerukia kila baiskeli, na Tanga baiskeli hazikosi. Unasimama naye mbali na barabara, akiwa kwenye kamba iliyolegea, mfukoni una maini ya kuchemsha yaliyokatwa kama punje za mahindi. Baiskeli inatokea. Masikio yanasimama, anaitazama. Hapo ndipo kipande kinapoanguka mbele ya miguu yake, kisha kingine, na kingine, hadi baiskeli ipotee. Ikishapotea, maini nayo yamekwisha. Baada ya muda anaiona baiskeli na kugeuka kukutazama wewe, kinywa kimelegea. Siku hiyo unasogea hatua mbili tatu, si zaidi. Akikataa kula, au akipokea kwa kunyakua, umekaribia mno. Rudi nyuma.

Fimbo haifiki huko. Ukimchapa anapoona baiskeli, umemthibitishia kwamba baiskeli huja na maumivu. Na ukimchapa kwa kunguruma, anaweza kuacha kunguruma na hofu ikabaki pale pale. Kunguruma ni onyo. Mbwa aliyenyang'anywa onyo lake ndiye yule watu wanayesema "ameuma ghafla."

Wapo wanaoniambia njia hii si yetu, kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa pwani. Lakini chakula kinarushwa chini. Huna haja ya kumgusa wala kumlisha mkononi, na kwa mbwa mwenye hofu hilo ndilo bora zaidi, maana mkono unaomjia usoni ni kitisho kingine.

Mbwa mpole aliyebadilika kwa siku chache akawa mkali, au anayetokwa na udenda na kushindwa kumeza, si wa kufundishwa: huenda ana kichaa cha mbwa. Jitenge naye, mwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Nikubali kwamba wasemao "hongo" kuna mahali wanakaribia ukweli. Mtu akimwonyesha mbwa nyama kwanza ili amvute hadi kwenye baiskeli, mbwa hufuata nyama, anainua kichwa na kujikuta ubavuni mwa kile anachokiogopa. Mara chache tu za namna hiyo, nyama yenyewe inakuwa dalili ya balaa, na mbwa anaanza kuikimbia. Basi, ndugu yangu, ukimwona jirani anarusha maini na mbwa bado anabweka, usimwambie anazawadia ukali. Mwambie amesimama karibu mno, au ametoa chakula kabla baiskeli haijaonekana. Hayo mawili anaweza kuyarekebisha jioni hiyo hiyo.