Somo Wako Si Wewe: Majina Yanapogongana Kwenye Filamu

Mwanafunzi mmoja alituletea hapa maktaba rasimu ya utafiti wake tumsaidie kupanga marejeo. Ukurasa wa tatu alikuwa ameandika kwamba Vanessa Williams aliigiza kama Teri kwenye filamu ya Soul Food ya 1997, na ilipofanywa tamthilia ya televisheni mwaka 2000 "akabadilishiwa nafasi" akawa Maxine. Alikuwa na ushahidi wote: jina lipo kwenye filamu, jina lipo kwenye tamthilia. Kasoro ni moja tu. Hao ni wanawake wawili.

Wa filamu ni yule mwimbaji, mwanamke mweusi wa kwanza kuvishwa taji la Miss America, Septemba 1983. Wa tamthilia ni mwigizaji ambaye wengine mlimwona kwenye New Jack City ya 1991. Wote ni wa 1963, wamepishana miezi miwili. Wote ni Wamarekani weusi, na kazi ni ileile. Ukitaka kumtega mkutubi, hutapata mtego mzuri kuliko huo.

Aliyemtangulia mwenzake kujiandikisha kwenye chama cha waigizaji wa Marekani ni huyu wa tamthilia, asiyejulikana sana. Kanuni ya chama kwa miaka mingi ilikuwa kwamba wanachama wawili wasitumie jina moja la kazi, na aliyewahi ndiye mwenye jina. Umaarufu haukuhesabika. Ndiyo maana mwimbaji, pamoja na taji lake, akaongezewa herufi na kuandikwa Vanessa L. Williams. Baadaye chama kiliwasuluhisha, kila mmoja akaruhusiwa kutumia jina hilo. Haki ilitendeka, lakini sisi wa orodha tukaachiwa kazi.

Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa majina mengi tunayodhani ni ya kuzaliwa. Michael Keaton amezaliwa Michael Douglas. Alipofika chamani alikuta somo wake kashakaa. Michael J. Fox hana jina linaloanza na J. Jina lake la kati ni Andrew, ila Michael Fox mwingine alikuwa ametangulia, basi akachukua J kwa kumheshimu mwigizaji Michael J. Pollard. Uingereza nako, David McDonald alikuta jina lina mtu, akawa David Tennant, kwa kuazima jina la mwimbaji Neil Tennant.

Michael B. Jordan anatugusa zaidi. Jina lake amerithi kwa baba yake, si kwa mcheza kikapu, na B ni Bakari. Kule Marekani, Bakari huelezwa kuwa ni neno la Kiswahili lenye maana ya ahadi njema. Sisi wenye kina Bakari mtaani tunajua limetoka kwa Abubakari, lakini hatutamnyang'anya. Herufi hiyo moja inamtenga na mtu maarufu kuliko wote wenye jina lake.

Herufi isipokuwepo, tunatumia mwaka. Steve McQueen mwigizaji wa Marekani alifariki 1980. Steve McQueen mwongozaji, mzaliwa wa London, ndiye aliyeongoza 12 Years a Slave, filamu iliyompa Lupita Nyong'o tuzo ya Oscar mwaka 2014. Usipotenganisha, kompyuta itakuambia bila aibu kwamba Lupita aliongozwa na marehemu. Kwa hiyo kwenye orodha za maktaba mmoja huandikwa na 1930–1980, mwingine na 1969 na kistari kisicho na mwisho. Siku hizi ipo pia namba ya kimataifa ya wabunifu, ISNI, yenye tarakimu 16. Ifikirie kama namba ya NIDA, ila hii ni ya jina unalofanyia kazi.

Hapa kwetu wasanii wengi hujiokoa kwa jina la usanii. Amri Athumani wapo wengi, Mzee Majuto alikuwa mmoja. Wanaopotea ni walio nyuma ya kamera: fundi sauti, mhariri, mshona mavazi. Hao huandikwa jina moja, au "Mama Asha", na filamu ikioneshwa tena miaka kumi baadaye kukiwa na malipo, hajulikani alipwe nani. Watayarishaji, andikeni majina matatu na mwaka wa kuzaliwa kwenye jalada la kazi, hata kama kwenye skrini mtaweka lakabu. Nawe msanii, chagua namna moja ya kuandika jina lako. Leo Ally, kesho Ali, keshokutwa Aly, hao kwetu ni watu watatu.

Wiki iliyopita tulipata kanda ya zamani imeandikwa tu "picha: Juma". Tukampata mtayarishaji kwa simu, mzee sasa, sauti bado kali.

"Juma yupi?" akauliza. "Tulikuwa nao wawili."