Masega ya ekzosi hayafi yenyewe

"Gari likikosa nguvu, toa masega." Fika gereji na pikapu ya petroli ya miaka ya 1990 isiyopanda mlima, na huenda ushauri huo ukawa wa kwanza kuusikia. Una ukweli ndani yake: masega, yaani kopo la kusafisha moshi lililo kwenye bomba la ekzosi (catalytic converter), yakiziba hunyonga injini kwa sababu moshi unakosa pa kutokea. Lakini pampu ya mafuta iliyochoka, au chujio lililojaa uchafu, huleta dalili zilezile. Kwa hiyo pima kabla ya kukata. Sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kwenye bomba kabla ya masega, inafunguliwa, kipimo cha presha kinafungwa mahali pake, injini inapandishwa hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Presha ikizidi psi 3 hivi, njia imebanwa. Ikiwa chini ya hapo, tatizo litafute kwingine.

Wengine husema masega yamezeeka tu, nunua mapya yaishe. Hapa ndipo watu wanapoteza pesa nyingi, na inaniuma kuwaona. Ndani ya lile kopo hakuna kinachozunguka wala kusagika. Ni kauri yenye matundu madogo mengi, iliyopakwa madini ya platini, paladi na rodi, na madini hayo hayatumiki yakaisha kama oili. Masega huuawa. Plagi au koili ikifa, injini inamisi, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya masega, joto linapita kiasi, na kauri inayeyuka ikawa bonge. Injini inayokula oili huyafunika kwa masalia ya fosforasi. Gasketi ya silinda hedi ikivujisha maji ya rejeta, nayo huyaharibu. Zamani kulikuwa na muuaji mwingine, petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Ukifunga masega mapya kwenye injini inayomisi, umeyafunga yaungue kama yale ya kwanza. Tibu injini kwanza.

Wapo pia wanaodai kwamba kuyatoa kunaokoa mafuta. Lakini kiasi cha petroli kinachoingia kwenye injini hufuata sensa ya mbele, na masega mazima hubana moshi kidogo sana. Nguvu unayoisikia baada ya kuyatoa imetokana na kuondoka kwa kizibo, na masega mapya yangekupa hiyohiyo. Gari lenye sensa ya pili nyuma ya masega litakuwashia taa ya injini na msimbo wa hitilafu P0420, unaosema masega hayasafishi moshi ipasavyo. Hata msimbo huo usikuharakishe kununua masega, maana ekzosi inayovuja inaweza kuuleta. Pikapu nyingi za zamani hazina sensa ya pili, hivyo taa haiwaki na mwenye gari anadhani mambo yako sawa.

Hayako sawa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na masega ndiyo yanayoigeuza kabla haijatoka. Ukiyatoa, sumu inatoka kama ilivyozaliwa kwenye injini. Bomba likichomelewa vibaya chini ya kebini, inaingia kwa dereva. Na huku kwetu nyuma ya pikapu hupanda watu, watoto wakiwemo, karibu kabisa na mdomo wa bomba.

"Lakini fundi amenitolea bure." Hapana, umemlipa kwa madini. Masega ya zamani yana wanunuzi, kwa hiyo kopo lako ondoka nalo.

Ukiamua kubadilisha, subiri injini ipoe kabisa, kwani masega huanza kazi vizuri kwenye nyuzi 300 hivi na kuendelea. Nati zenye kutu zipulizie dawa ya kulegeza tangu jana yake jioni. Weka gasketi mpya, na kama kopo lina mshale, uelekee nyuma, unakokwenda moshi. Ukinunua ya mtumba, yatikise: yakicheza ndani, kauri imevunjika. Kisha mulika tochi upande mmoja uchungulie wa pili. Usipoona mwanga, yaache dukani.